Kimeng'enya cha Kondo la Nyuma: Kingamwili Inavyotambua Kilikotoka

Mama mwenye mimba ya miezi minane akipimwa ini Kisumu, Nakuru au Kakamega, karatasi ya majibu mara nyingi humrudia ikiwa na mstari mmoja uliowekewa alama kwamba kipimo kimepita kiwango. Mstari huo umeandikwa ALP, yaani fosfatesi ya alikali, ambayo ni kimeng'enya: protini inayoharakisha kazi ya kikemia mwilini. Kiwango kilichochapishwa pembeni ni cha mtu mzima asiye na mimba, na chake kinaweza kuwa mara mbili ya hicho, hata zaidi. Akifika nyumbani, mtu atafungua simu kutafuta ALP ni nini, na mambo ya kwanza kujitokeza yatakuwa ugonjwa wa ini, mawe kwenye nyongo na saratani. Usiku huo nyumba nzima hailali vizuri.

Ilhali kwa wengi wao ini halina shida yoyote. Kilichopandisha nambari ni kondo la nyuma, ambalo hutengeneza fosfatesi yake lenyewe na kuiachilia kwenye damu ya mama kadiri mimba inavyokomaa. Mashine haikukosea. Iliulizwa kuna kiasi gani, ikataja kiasi. Haikuulizwa kimetoka wapi. Swali hilo la pili liliwasumbua wanasayansi kwa muda mrefu, mpaka ilipopatikana aina ya kingamwili, protini ya kinga inayoshika kitu kigeni, inayoweza kuchagua kimeng'enya kimoja katikati ya ndugu zake wanaofanana naye karibu kila kitu. Nataka kueleza kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu naamini anayeielewa hatishwi tena ovyo na nambari iliyosimama peke yake.

Ndugu wanne, kazi moja

Fosfatesi ya alikali hukata kipande cha fosfati kutoka kwenye molekuli nyingine, na hufanya kazi hiyo vizuri zaidi mahali penye ualikali. Ili iweze kukata, lazima iwe imeshika madini ya zinki na magnesiamu ndani yake. Jambo hilo dogo litatuhusu sana tukifika kwenye chupa za damu.

Binadamu ana jeni nne za vimeng'enya vya aina hii. Moja iko kwenye kromosomu ya 1, na kimeng'enya chake hupatikana kwenye ini, mifupa na figo. Tatu zilizobaki zimepangana jirani kwa jirani karibu na ncha ya kromosomu ya 2: ya utumbo, ya kondo la nyuma, na ya seli za uzazi, ambayo kwa mtu mzima huonekana kwa kiasi kidogo, hasa kwenye korodani. Hawa watatu ni ndugu wa karibu mno. Kimeng'enya cha kondo na cha utumbo vinafanana kwa takriban asilimia 87 ya asidi amino zinazovijenga. Cha kondo na cha seli za uzazi vinafanana kwa asilimia 98. Katika mnyororo wenye asidi amino zaidi ya 500, tofauti zao ni kumi na kitu tu.

Sasa tazama kipimo cha kawaida kinavyofanya. Seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, huchanganywa na kemikali isiyo na rangi iitwayo paranitrofenili fosfati. Kimeng'enya kikikata fosfati, kinachobaki ni cha rangi ya manjano, na mashine husoma rangi hiyo inaongezeka kwa kasi gani. Ndugu wote wanne huikata kemikali hiyo. Kwa hiyo nambari ya ALP ni jumla ya kilichotoka kwenye ini, mifupa, utumbo na kondo, vyote vikihesabiwa pamoja bila kutajwa majina. Ndiyo maana ALP huwa juu kwa kijana wa shule anayerefuka haraka, kwa mgonjwa aliyezibwa mfereji wa nyongo, na kwa mama anayekaribia kujifungua, ingawa hawa watatu hawana lolote la kufanana mwilini mwao.

Njia ya joto

Njia ya kwanza ya kuwatenganisha ndugu hawa ilikuwa kuwapasha moto. Seramu ikiwekwa kwenye nyuzi 56, kimeng'enya cha mifupa hupoteza nguvu ndani ya dakika chache, na cha ini huvumilia kidogo zaidi. Cha kondo hukaa kwenye nyuzi 65 kwa nusu saa na kikatoka kikiwa bado kinafanya kazi. Basi unapima sampuli kabla ya kuipasha, unaipasha, unaipima tena, na kinachobaki unakihesabu kuwa cha kondo. Inahitaji maji ya moto, kipimajoto na saa, na kwa maabara isiyo na vifaa vya ghali njia hii inastahili heshima yake.

Ni kwa joto hilo ambapo William Fishman na wenzake, huko Marekani mwaka 1968, walieleza jambo la ajabu: katika damu ya mgonjwa wa saratani ya mapafu kulikuwa na fosfatesi iliyovumilia moto sawasawa na ya kondo. Kimeng'enya cha kondo mahali pasipo na kondo. Kilipewa jina la mgonjwa huyo, Regan, na hadi leo vitabu vya maabara hukiita hivyo. Maana yake ilikuwa nzito. Seli ya saratani inaweza kuamsha jeni ambayo katika mwili wa mtu mzima ilipaswa kukaa kimya, na bidhaa ya jeni hiyo ikaonekana kwenye damu.

Baadaye kilipatikana kingine, kikaitwa Nagao, ambacho nacho kilivumilia moto lakini kikatofautiana na cha Regan katika kemikali zinazokizuia. Ikaja kufahamika kwamba huyu ni yule ndugu wa seli za uzazi. Hapo joto likafika mwisho wa uwezo wake. Halitofautishi wawili wanaostahimili moto sawa. Tena, mtu mzima asiye na mimba ana kimeng'enya cha kondo kidogo sana kwenye damu, na ukitegemea kinachobaki baada ya kupasha, kiasi hicho hupotea ndani ya makosa madogomadogo ya kipimo chenyewe.

Kingamwili ya monoklono

Watu wengi wa kanda ya ziwa wameshatumia kingamwili ya monoklono bila kuambiwa jina lake. Kijiti cha kupima mimba kinachouzwa kwenye duka la dawa pale Kondele kina kingamwili inayoshika homoni ya kondo iliyo kwenye mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria anachobeba mhudumu wa afya ya jamii akizunguka vijiji vya Nyando na Siaya kina kingamwili inayoshika protini ya kimelea. Ule mstari unaojitokeza polepole huku kila mtu ameukodolea macho ni kingamwili zilizokamata zilichotumwa kukamata.

Mwili ukiingiwa na kitu kigeni, hautengenezi kingamwili ya aina moja. Kila ukoo wa seli B, seli za damu zinazotengeneza kingamwili, hutoa ya kwake, na kila moja hushika sehemu tofauti ya kitu hicho. Ukimdunga sungura kimeng'enya cha kondo la binadamu kisha ukachukua seramu yake, utapata mchanganyiko, na nyingi za kingamwili hizo zitakuwa zinashika sehemu ambazo kimeng'enya cha utumbo nacho kinazo. Unaweza kuzichuja, lakini sungura wa pili atakupa mchanganyiko tofauti, na sungura wa kwanza akifa mchanganyiko wake hupotea naye. Maabara mbili zilizotumia sungura wawili haziwezi kulinganisha majibu yao kwa uhakika.

Georges Köhler na César Milstein walivunja tatizo hilo huko Cambridge mwaka 1975, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Walifanya seli B moja izaliane bila kikomo, ili kizazi chake chote kitoe kingamwili ileile moja. Hiyo ndiyo huitwa ya monoklono.

Kwa kimeng'enya chetu, kazi huanzia kwenye kondo lenyewe, ambalo jamii nyingi za magharibi mwa Kenya zimekuwa zikilizika nyumbani kwa heshima. Kondo lililokomaa lina kimeng'enya hiki kwa wingi, hivyo hukamuliwa, kikasafishwa na kudungwa panya mara kadhaa. Panya hana kimeng'enya cha kondo kama chetu, kwa hiyo mwili wake hukiona kuwa kigeni na kukitengenezea kingamwili. Kisha wengu wa panya, uliojaa seli B, hutolewa. Tatizo ni kwamba seli B zikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo huunganishwa na seli za mayeloma, saratani ya uboho ambayo seli zake huzaliana bila kuchoka. Kinachoyeyusha kuta zao ziungane ni kemikali ya polietilini glikoli.

Hatua inayofuata ndiyo inayonivutia kuliko zote. Baada ya kuunganisha, ndani ya chombo kuna seli B zilizobaki peke yake, mayeloma zilizobaki peke yake, na chache zilizoungana. Utazipataje hizo chache? Mayeloma iliyochaguliwa ina kasoro: haiwezi kurejeleza malighafi za kujengea DNA, hutegemea kuziunda upya kila mara. Kwenye chakula cha seli huwekwa aminopterini, dawa inayofunga njia hiyo ya kuunda upya. Mayeloma iliyo peke yake hufa. Seli B iliyo peke yake hufa kwa sababu maisha yake ni mafupi. Iliyoungana huishi, kwa kuwa imepata njia ya kurejeleza kutoka kwa seli B na uzazi usiokoma kutoka kwa mayeloma. Hakuna mtu aliyeketi kwenye hadubini kuchagua moja moja.

Seli hizo zilizoungana, ziitwazo haibridoma, hugawanywa mpaka kila kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, kiwe na moja tu, ziachwe zizaliane, kisha maji ya kila kisima yajaribiwe. Je, kingamwili hii inashika kimeng'enya cha kondo? Ikishika, inaulizwa tena: unashika cha utumbo? Cha ini? Cha mifupa? Nyingi hutupwa hapa. Kinachotafutwa ni ile inayoshika mahali hasa ambapo ndugu hawa wanatofautiana, kama jirani anayewatenganisha mapacha kwa kovu moja lililo kwenye paji la uso la mmoja wao. Uzuri wa kingamwili hauko katika kushika kwa nguvu peke yake. Uko katika yale yote inayokataa kuyashika, na mtu akitaka kukuuzia kipimo chochote cha kingamwili, muulize kwanza kilijaribiwa dhidi ya nini.

Mwaka 1984 Paul Travers na Walter Bodmer, wakifanya kazi London, walieleza kingamwili za monoklono walizotengeneza dhidi ya kimeng'enya hiki. Mojawapo, H17E2, ikaja kutumika sana katika utafiti uliofuata.

Ndani ya kisima

Kipimo chenyewe hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96. Kingamwili hugandishwa chini ya kila kisima. Seramu ya mgonjwa inamiminwa, inaachwa itulie. Kimeng'enya cha kondo kikipita hunaswa, na vingine vyote hubaki vikielea. Kisima huoshwa mara kadhaa, na hapa ndipo fosfatesi ya ini, ya mifupa na ya utumbo inapoondoka na maji. Baada ya hapo huwekwa ile kemikali isiyo na rangi tuliyokutana nayo mwanzoni. Kisima kikigeuka manjano, mwanga wa nanomita 405 hupitishwa na ukali wa rangi kusomwa.

Vipimo vingi vya aina hii huhitaji kingamwili ya pili iliyofungwa kimeng'enya kama taa ya kuonyesha, na mara nyingi taa hiyo ni fosfatesi ya alikali iliyotolewa kwenye utumbo wa ndama. Hapa haihitajiki. Kinachotafutwa chenyewe ndicho kinachotoa rangi. Sharti ni moja: kingamwili isishike mahali pa kukatia fosfati, la sivyo itakamata kimeng'enya na kukinyamazisha papo hapo. Ikitimiza sharti hilo, rangi ya manjano inathibitisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba kilichonaswa ni cha kondo na kwamba bado ki hai.

Neno hilo la mwisho linaturudisha kwenye zinki na magnesiamu. Chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, chumvi inayozuia damu isigande kwa kunyakua madini ya kalisi. Hainyakui kalisi peke yake. Huchukua magnesiamu na zinki pia, na fosfatesi iliyonyang'anywa madini hayo huacha kukata. Sampuli ya ALP ikiletwa kwenye chupa ya zambarau, au damu ikimiminwa kutoka chupa hiyo kwenda ya kifuniko chekundu ili kuokoa safari ya pili ya sindano, jibu litakuwa la chini hata kama kondo limejaa. Kingamwili haiwezi kuokoa sampuli ya namna hiyo. Wanafunzi wa maabara huambiwa hili wiki ya kwanza, na bado linastahili kurudiwa kila wiki, maana jibu la chini la uongo halipigi kelele. Linapita kimya na kuaminika.

Damu ya mama, jeni za mtoto

Kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu, nami naliona kuwa zuri kuliko yote katika somo hili. Kondo la nyuma linatokana na yai lililorutubishwa, si mwili wa mama. Kwa hiyo kimeng'enya kinachozunguka kwenye damu ya mama kimeandikwa na jeni za mtoto, nusu yake zikitoka kwa baba. Mama amebeba kwenye mishipa yake protini ambayo yeye mwenyewe huenda hana jeni ya kuitengeneza kwa umbo hilo hasa.

Na maumbo yako mengi. Kimeng'enya hiki kina aina za kurithi nyingi kuliko vimeng'enya vingi vinavyojulikana kwa binadamu. Tatu zinazoonekana zaidi hupewa herufi S, F na I. Tofauti kati yake ni ndogo, lakini kwa kingamwili inayoshika alama moja tu, tofauti ndogo inatosha. Kuna kingamwili zinazoshika aina zote, na kuna zinazolegea kwa aina fulani. Ukitumia hiyo ya pili, mama wawili wenye kondo sawa watapata majibu tofauti kwa sababu tu watoto wao wamerithi herufi tofauti. Kwa watafiti hilo liliwapa chombo cha kutambua aina hizo. Kwa hospitali ni sababu ya kuchagua kingamwili kwa uangalifu, au kuchanganya zaidi ya moja.

Kimeng'enya hiki kinakaa kwenye tabaka la nje la kondo, lile linalooga moja kwa moja kwenye damu ya mama. Kwa sisi wa kanda ya ziwa tabaka hilo lina habari nyingine pia. Ndipo vimelea vya malaria hung'ang'ania, vikishika sukari iitwayo kondroitini salfeti A, kama Michal Fried na Patrick Duffy walivyoonyesha mwaka 1996. Vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, ambavyo wajawazito wa maeneo yetu hupewa kliniki kuanzia kipindi cha pili cha mimba vinalinda ukuta huohuo. Kupima kimeng'enya hakuchukui nafasi ya kumeza vidonge hivyo.

Jibu lisilo na mimba

Kingamwili ikikuta kimeng'enya cha kondo kwa mtu asiye na mimba, si lazima pawe na saratani. Wavuta sigara huwa nacho juu, wakati mwingine mara kumi ya wasiovuta, na hushuka mtu akiacha. Mapafu yenyewe hukitoa. Kwa sababu hiyo, kupima damu ya kila mtu kwa matumaini ya kugundua saratani mapema kungetisha wengi bure, na mimi siungi mkono vifurushi vya uchunguzi vinavyouzwa kwa ahadi ya namna hiyo.

Pale ambapo kimesaidia kweli ni kwa saratani za seli za uzazi: seminoma ya korodani, ambayo huwapata zaidi vijana wa kiume na hutibika vizuri ikikutwa mapema, na disjeminoma ya ovari. Mtaalamu wa patholojia huchukua kipande chembamba cha uvimbe, akakipaka kingamwili, na kuta za seli za seminoma zikashika rangi. Sehemu kubwa ya rangi hiyo hutokana na yule ndugu wa asilimia 98, kwa kuwa kingamwili nyingi haziwatenganishi wawili hao. Kwa uchunguzi huu haidhuru, maana wote wawili hawatakiwi kuonekana kwa wingi hapo. Siku hizi wataalamu huongeza alama nyingine, hasa OCT3/4 inayoonekana ndani ya kiini cha seli, kwa kuwa inasomeka wazi zaidi.

Tukirudi kwa mama wa miezi minane

Daktari wake hatamwagizia kipimo hiki cha kingamwili, na hakosei. Akitaka kujua kama ini linahusika, ana njia rahisi: GGT, kimeng'enya kingine cha ini, ambacho hupanda njia za nyongo zikiwa na shida lakini hakipandishwi na kondo, na kama mama anawashwa viganja na nyayo, hasa usiku, hupimwa asidi za nyongo na vimeng'enya vingine vya ini haraka. Muwasho huo usisubiri kliniki ijayo, hata kama ALP ni ya kawaida.

Akishajifungua, kondo limetoka, na kimeng'enya kilichobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya takriban siku 7. Anapomleta mtoto kliniki wiki ya sita, kilichobaki ni sehemu moja kati ya 64. ALP ikiwa bado imepanda siku hiyo, kondo halipo tena la kusingiziwa. Daktari ataitazama GGT kwanza: nayo ikiwa juu, atachunguza ini na nyongo, ikiwa imetulia, ataangalia mifupa, ambayo kwa mama anayenyonyesha huwa na kazi ya ziada, na atauliza kuhusu kalisi na vitamini D.